Majina ya Lufira, Majina ya Bruxelles

Sisi tuliokulia Koni tulilijua jina Bia kabla ya kukijua kinywaji. Kituo cha umeme kilichojengwa kwenye Mto Lufira, chini kidogo ya Mwadingusha, kilianza kazi mwaka 1950 kikiitwa Bia, na wazee waliendelea kukiita hivyo muda mrefu baada ya jina hilo kuondolewa kwenye karatasi. Watoto tuliamini kwamba zamani wazungu walikuwa wakipika pombe mle ndani, na kwamba mngurumo wa mitambo ulikuwa mngurumo wa mapipa. Mwalimu wa historia ndiye aliyetutoa ujinga. Lucien Bia alikuwa kapteni wa Kibelgiji aliyeongoza msafara wa kuja Katanga mwaka 1891, akafia huku mwaka uliofuata. Émile Francqui, aliyeshika uongozi baada yake, alipewa kituo cha Mwadingusha cha mwaka 1930. Jules Cornet, mwanajiolojia wao, alipewa maporomoko ya hapo hapo. Msafara mmoja ukajigawia mto mmoja mara tatu. Na Likasi, mji tunaouendea kwa soko na hospitali, uliitwa Jadotville hadi 1966, kwa heshima ya Jean Jadot wa Union Minière.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kukaa Ubelgiji wiki mbili kwa mafunzo mafupi. Kazi ilijaza siku zote isipokuwa Jumamosi moja. Wenzangu walinishauri niitumie kununua viatu. Mimi nilitaka kuona upande wa pili wa biashara hii ya majina: kama wao waliacha ya kwao kwenye mto wetu, je, ya kwetu waliyapeleka wapi, na wameyaandikaje?

Swali hilo kwa kweli si langu peke yangu. Kabla ya safari nilipita Koni kumuaga nkambo, maana kwetu Katanga bibi na babu wote ni nkambo. Katika sanduku lake, chini ya vitenge, kuna handa moja, yaani kipande cha shaba chenye mikono minne, kilichobaki kutoka kwenye mahari ya zamani za ukoo wake. Alinionyesha tena, akaifunga, akaniambia: “Kama unaona handa kule, uulize: mwenye kuitengeneza, jina yake baliandika?” Kwa Kiswahili cha vitabu: aliyeitengeneza, je, jina lake liliandikwa? Nikaahidi.

Ndugu msomaji, makala haya yanaeleza Jumamosi hiyo kwa jicho la mwanafunzi wa isimu, yaani jicho lenye kasoro moja: linasoma lebo kabla ya kutazama kitu chenyewe.

Tuanze na neno lenyewe. Mjini Likasi tunasema “mize”, kutoka Kifaransa, na Wafaransa walilichukua kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa makao ya miungu wa sanaa. Kiswahili sanifu kina “makumbusho”. Shina ni -kumbuka. Ukiingiza kiambishi cha kusababisha unapata -kumbusha. Ukimalizia kwa -o na kutanguliza ma-, unapata vitu vinavyomfanya mtu akumbuke. Nomino ya namna hii haitulii bila watu wawili: yuko anayekumbusha na yuko anayekumbushwa. Kifaransa hakimlazimishi mtu kuuliza hao ni nani. Chetu kinamlazimisha, na siku nzima niliuliza.

Nilianza asubuhi na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Gudula, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka Stesheni Kuu. Ni jengo la mtindo wa Kigothi lililoanza kujengwa karne ya 13 na kuchukua karibu miaka 300, lenye minara miwili mikubwa mbele. Ndani kuna baridi ya mawe, na juu kuna madirisha ya vioo vya rangi ambayo watalii wote huyapiga picha. Nilikuwa nayatazama kama wengine hadi nilipojua yanasimulia nini. Sehemu ya madirisha hayo, mengine ya karne ya 16 na mengine ya karne ya 19, yanaeleza kisa cha mwaka 1370: Wayahudi wa Bruxelles walishitakiwa kwamba wameiba hostia takatifu na kuzichoma visu, na kwamba hostia hizo zilitoka damu. Washitakiwa walichomwa moto, na Wayahudi wakafukuzwa Brabant. Kwa karne kadhaa mji huu uliadhimisha kisa hicho kwa maandamano ya kila mwaka, na wafalme na wakuu walilipia vioo ili wachorwe pembeni mwake.

Madirisha yako palepale hadi leo. Lakini mwaka 1977 viongozi wa Kanisa waliweka kibao cha shaba nyeusi kinachosema kwamba mashitaka yale yalikuwa ya upendeleo na kisa chenyewe ni hadithi tu. Kibao ni kidogo, na dirisha ni kubwa kuliko nyumba yetu. Mtu anayepita haraka huona mwanga tu, na mwanga ule ni mzuri, sitadanganya. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu nilikuwa nimekutana na jambo nililoliona tena na tena hadi jioni. Mji huu haupendi kubomoa. Ukigundua kwamba ukuta wake umesema uongo, huandika sentensi ya pili kando ya ile ya kwanza, na kumwachia msomaji kazi ya kuzisoma zote mbili. Kama anaziona.

Kutoka kanisa kuu nilipanda kwa miguu hadi Sablon. Hapa mwanafunzi wa isimu hufurahi kidogo, maana jina la Kifaransa Sablon na lile la Kiholanzi Zavel yote mawili yanasema mchanga. Kanisa la Bikira Maria wa Sablon ni zuri na tulivu kuliko kanisa kuu. Nje yake, uwanja umezungukwa na maduka ya vitu vya kale, na katika baadhi ya madirisha niliona vinyago vya kwetu vimewekewa taa kana kwamba ni vito. Lebo zilitaja kabila, aina ya mti na karne. Sikuingia. Viatu vyangu vilikuwa vya kuniambia nisiulize bei.

Nikashika metro hadi Merode, kwenye bustani ya Cinquantenaire. Humo, karibu na Msikiti Mkuu, kuna mnara wa mawe meupe wa mwaka 1921, kazi ya mchongaji Thomas Vinçotte, uliowekwa kwa ajili ya Wabelgiji waliotangulia kufika Kongo. Maandishi yake upande mmoja yanasifu ushujaa wa jeshi la Ubelgiji uliomwangamiza Mwarabu mfanya biashara ya watumwa. Neno “Mwarabu” lina historia yake peke yake. Liliwahi kufutwa kwenye jiwe baada ya malalamiko, kisha likarudishwa baada ya malalamiko mengine. Sentensi nzima ikabaki salama. Ugomvi ukawa wa neno moja.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna haki ya kuuliza Mwarabu huyo alikuwa nani. Vita vinavyotajwa vilipiganwa Maniema na pande za Lomami kati ya 1892 na 1894. Upande mmoja walikuwapo watu kama Sefu, mtoto wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar ambaye maisha yake aliyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Alikuwapo Ngongo Lutete, Mkongo kabisa, aliyewatumikia hao kwanza, akahamia upande wa Dola la Kongo, na mwaka 1893 akapigwa risasi na hao hao aliowahamia. Katika Kifaransa cha wakati ule, neno “Arabe” lilifunika wote: mtu wa pwani, mwungwana wa Kasongo aliyezaliwa Maniema, mfuasi aliyevaa kanzu tangu mwaka juzi. Utumwa ulikuwepo, na Maniema haijausahau. Lakini jiwe lile linamfanya mkosaji awe mgeni na mkombozi awe mgeni, na Mkongo, aliyepigana pande zote mbili, awe mtu wa kukombolewa tu. Tena lugha ya “Waarabu” hao ndiyo Union Minière iliyokuja kuitumia kazini Likasi na Lubumbashi, na ndiyo nkambo anayonifokea kwayo.

Kutoka Montgomery kuna tramu namba 44 inayopita barabara pana ya Tervuren, kisha pembeni mwa msitu wa Soignes. Barabara hiyo ilifunguliwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, ili watu wa mjini wafike kwa urahisi kuona Kongo ya Leopold II. Ndani ya Bruxelles kila kibao cha mtaa kina lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi. Tramu ikishatoka nje ya mipaka ya mkoa wa mji mkuu, Kifaransa kinatoweka kwenye vibao kama mtu aliyeshuka kituo kilichopita. Wabelgiji wamegombania kibao cha mtaa kwa miaka mingi kuliko wengi wetu tunavyojua. Ni watu wanaofahamu vizuri sana jina lililoandikwa kwa lugha ya mwingine linaumaje.

Jumba la makumbusho la Tervuren, lililofunguliwa mwaka 1910 na kuchorwa na Mfaransa Charles Girault, lilifungwa miaka mitano kwa ukarabati, likafunguliwa tena Desemba 2018. Ukifika kwenye ukumbi wa mviringo, ambao zamani ulikuwa ndio mlango mkuu, unakuta kutani sanamu za dhahabu za Arsène Matton. Moja inaonyesha Ubelgiji ikiiletea Kongo ustaarabu. Jengo linalindwa na sheria ya urithi, kwa hiyo sanamu haziondolewi. Wasanii Aimé Mpane, mzaliwa wa Kinshasa, na Jean Pierre Müller walitundika mbele yake vitambaa vyepesi vyenye picha nyingine, hivi kwamba unaona sanamu na unaona jibu lake kwa wakati mmoja. Nilikumbuka kibao cha kanisani. Ni desturi ile ile, ila safari hii jibu lina ukubwa sawa na kosa.

Katikati ya ukumbi huo Mpane ameweka vichwa viwili vikubwa vya mti vinavyotazamana. Kimoja ni cha mtu anayechipua majani. Kingine ni fuvu la chifu Lusinga.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu Lusinga ni wa upande wetu. Alikuwa chifu wa Watabwa magharibi ya Ziwa Tanganyika, sehemu iliyokuja kuhesabiwa Katanga. Mwaka 1884 Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa na ngome yake Mpala, aliwatuma watu wake wamshambulie. Lusinga aliuawa, kichwa chake kikakatwa, na fuvu likasafiri hadi Ubelgiji pamoja na sanamu ya mti iliyokuwa ya ukoo wake. Leo mali ya mtu mmoja iko mahali pawili: sanamu ni ya makumbusho ya Tervuren, fuvu liko katika taasisi ya sayansi asilia mjini Bruxelles. Sanamu ya kichwa cha Storms mwenyewe ilisimama uwanjani mjini humo hadi mwaka 2022, ilipoondolewa.

Jina lake kamili ni Lusinga lwa Ng’ombe. Tazama lile “lwa”. Katika Kiswahili sanifu ngeli hii imepoteza l yake, tukabaki na “u-” na “wa”: ukuta wa nyumba. Kitabwa, kama Kibemba na lugha nyingi za kwetu, kimeitunza: lu- inadai lwa. Jina la mtu huyu ni kirai kamili chenye upatanisho wake wa kisarufi. Likifupishwa kuwa “Lusinga” peke yake, kama ilivyo kawaida, kinachokatwa si kipambo. Ni sehemu inayosema yeye ni wa nani.

Kuna ukumbi mwingine mrefu ambako ukuta mzima umeandikwa majina. Ni majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Wakongo waliokufa katika miaka hiyo hiyo hawakuandikwa hata mmoja. Wangehitaji kuta za mkoa mzima. Msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa aliombwa kufanya kitu. Hakugusa ukuta. Aliandika kwenye vioo vya madirisha ya upande wa pili majina ya Wakongo waliofia Tervuren mwaka 1897, ili jua likiwaka, kivuli cha majina hayo kianguke juu ya majina ya Wabelgiji. Ni kazi inayohitaji jua, katika nchi ambayo jua ni mgeni wa heshima. Jumamosi yangu ilikuwa ya mawingu. Nilikaa kwenye benchi dakika ishirini nikisubiri. Mlinzi, mama mmoja mpole, aliniambia nijaribu mwezi wa saba.

Basi nikaenda kutafuta handa.

Nilizipata katika kabati la kioo, zimepangwa kwa ukubwa. Wafaransa huziita “croisettes”, yaani visalaba, na jina hilo limedanganya wengi. Nyuma yangu baba mmoja alikuwa anamweleza mtoto wake kwamba Waafrika waliiga msalaba wa wamisionari. Nilitamani kumgusa bega. Kule Sanga, karibu na Ziwa Kisale, wanaakiolojia Jacques Nenquin na baadaye Pierre de Maret walifukua makaburi yenye shaba za namna hii, na za zamani zaidi ziliwekwa kifuani mwa wafu kabla Mreno yeyote hajafika kwenye mdomo wa Mto Kongo mwaka 1482. Katika makaburi ya zamani ni kubwa na chache. Katika yale ya baadaye ni ndogo, nyingi, zinazokaribiana ukubwa, na hapo ndipo wataalamu wanapoona kwamba kitu cha heshima kilikuwa kinageuka fedha. Kiswahili “msalaba” kimetoka Kiarabu na kina dini ndani yake tangu mwanzo. “Handa” haina. Nkambo, ambaye hakosi misa, hawezi kuvichanganya, niliwahi kuiita handa yake msalaba nikiwa mdogo, nikaambiwa: “Ile haiko musalaba. Ile njo handa.” Ni jina lililoenda mbali, maana nchi ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960 iliweka handa tatu kwenye bendera yake na ikazipiga kwenye sarafu zake za 1961.

Lebo ilitaja mahali na madini. Jina la fundi halikuwepo.

Mtu atasema: fundi wa shaba wa karne zilizopita, nani angemjua? Ni kweli. Lakini hata wachongaji wa karne ya 19, ambao wajukuu wao walikuwa hai wakati vitu vinachukuliwa, wengi hawana jina. Mfano unaojulikana zaidi ni wa kaskazini mwa Katanga. Frans Olbrechts, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa Tervuren, alitambua kwamba kundi la sanamu lilikuwa na mkono mmoja: nyuso ndefu, mashavu yaliyobonyea, macho ya mtu aliyelia akanyamaza. Kwa kuwa baadhi zilitoka kijiji cha Buli, mchongaji akaitwa “Bwana Fundi wa Buli”. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati ule, kukubali kwamba nyuma ya “sanaa ya kabila” yuko mtu. Baadaye watafiti wengine walilitaja jina Ngongo ya Chintu. Sehemu ya mwisho ni ki- + -ntu, yaani kitu. Ukiwa Mluba, Mhemba au Mswahili huhitaji mkalimani.

Tervuren ina upande mwingine ambao sisi wa idara ya lugha za Kiafrika tunauheshimu, na itakuwa si haki kuunyamazia. Hapa ndipo A. E. Meeussen alipofanya kazi kubwa ya kuijenga upya lugha mama ya Kibantu. Muhtasari wake wa sarufi hiyo ulitoka mwaka 1967, na hazina ya mashina ya Kibantu iliyokusanywa hapa iko leo kwenye kompyuta, wazi kwa yeyote. Nimeitumia mara nyingi usiku kuliko mchana, maana usiku intaneti ya Likasi ina huruma. Humo kuna shina *-jína. Kiswahili kinasema jina, Kikongo zina, Kibemba ishina, Tshiluba dîna. Watu wametawanyika kwa miaka elfu kadhaa, wamebadilisha mazao, miungu na mipaka, na neno hili wamelibeba. Nyumba iliyohifadhi neno “jina” kwa lugha mia kadhaa ndiyo ile ile iliyoandika “Katanga, shaba” na kufunga kabati.

Kuna pia chumba cha madini, na humo nilipiga picha malakiti kama mtalii yeyote. Rangi yake ya kijani ndiyo rangi ya utoto wetu. Hapo nikakumbuka kitu ambacho mhandisi mmoja wa mgodi aliwahi kuniambia. Katika vitabu vya wanamadini kuna likasiti, iliyotajwa mara ya kwanza mwaka 1955 kutoka mgodi wa Likasi. Kuna kasoliti, kutoka Kasolo, kule Shinkolobwe. Kuna kolweziti. Mwisho wa neno ni wa Kigiriki, kichwa ni kijiji chetu. Hilo ndilo jibu la swali nililoondoka nalo nyumbani. Walipokuja, majina ya watu wao yalibaki kwenye maji na miji yetu: Bia, Francqui, Cornet, Jadot. Walipoondoka, majina ya mahali petu yalikwenda kubandikwa kwenye mawe. Majina ya watu wetu hayakuhitajika katika mzunguko huo.

Neno moja zaidi kuhusu lebo, nitoke. Maandishi ya kutani yako kwa lugha nne: Kifaransa, Kiholanzi, Kiingereza na Kijerumani. Ni masahihisho ya kweli, yameandikwa kwa uangalifu, na mengine yana ujasiri. Lakini Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba vinasikilizwa katika chumba cha lugha na muziki, havitumiki kueleza chumba. Vinaonyeshwa, haviongei na mgeni. Nkambo akiletwa hapa kesho, atakutana na handa yake na atahitaji mjukuu wa kumsomea.

Saa kumi na nusu nilitoka na kutembea hadi kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, katikati ya mji mdogo wa Tervuren. Watalii wachache hufika. Mwaka 1897, kwa ajili ya maonyesho ya Leopold II, Wakongo 267 waliletwa Ubelgiji na kuwekwa bustanini, wengine katika vijiji vya nyasi, ili watazamwe. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha mvua na baridi. Saba walikufa. Hawakuzikwa pamoja na waumini. Walitupwa kwenye sehemu ya watu waliohesabiwa kuwa wamekosa heshima ya Kanisa. Mwaka 1953 mabaki yao yalihamishiwa hapa, kando ya ukuta wa nje. Kuna mawe saba ya kulala, kila moja na jina: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Hapa ndipo mahali pekee siku nzima nilipomwona Mkongo wa kawaida ameandikwa kwa jina lake. Na hata hapa kalamu ilikuwa ya mwingine. Kwa msemaji wa Kiswahili, “zao” ni la shambani, na ni kishawishi kikubwa kulitafsiri jina la marehemu hivyo. Tusifanye. Watu hawa waliandikishwa na makarani ambao masikio yao hayakuzoea konsonanti inayoanza na pumzi ya pua. Mzungu akiambiwa “Ngemba” huandika Gemba. Akiambiwa “Nzau” huandika Zao. Na kweli, maandishi mengine huyataja majina hayo kama Ngemba na Nzau, na huyo Samba kama Sambo. Katika Kikongo nzau ni tembo. Kutoka tembo hadi mavuno ya shamba ni n moja tu na irabu moja, lakini ni mtu mzima aliyepotea katikati. “Mpeia” ilibahatika; m yake ilisikika.

Niliyasoma yote saba kwa sauti, kwanza kama yalivyochongwa. Mbwa wa mtu alinitazama.

Nilirudi mjini giza likiingia, nikapita Matonge kula. Pembeni ya mtaa huo kuna uwanja mdogo ambao tangu tarehe 30 Juni 2018 unaitwa kwa jina la Patrice Lumumba, aliyeuawa kwetu Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake. Jina mwaka 2018, jino mwaka 2022. Mwalimu wetu wa fonolojia asingepata jozi bora ya kufundishia irabu, na asingeitumia.

Usiku nilimpigia nkambo. Alitaka kwanza kujua kama nimekula, kisha akauliza ya handa. Nikamwambia zipo, nyingi, zimewekwa vizuri, na kwamba aliyezitengeneza hawakumwandika. Hakushangaa. Akauliza kama kuna yeyote waliyemwandika. Nikamweleza habari ya wale saba na kaburi lao la ukutani, akasema nimsomee, polepole, kama tunavyowataja wafu. Nikaanza: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia. Nilipofika kwa Zao alinikatiza.

“Ile haiko jina ya muntu,” alisema. “Anza tena.”

Nikaanza tena.